Msalaba wa Herufi Nene

"Sema tena hujui!"

"Sijui! Au unataka nikuimbie?"

"Umeubeba msalaba begani, watu wote wanakuangalia, ukauchomeka mwenyewe kaburini. Halafu aliyeuagiza humjui?"

"Hapa wanapita watu wengi, mukwai, bwana mkubwa. Wazambia, Wakongo, wachungaji, walevi. Mtu anataka herufi, anapata herufi. Simuulizi jina la bibi yake."

"Wewe ni mwongo. Tena mwongo mchafu."

"Haya, mimi mchafu. Na wewe je, unagombana na mtu kashika rangi nyekundu, na shati lako jeupe hilo la kanisani?"

Koplo Lusubilo alirudi nyuma bila kupenda. Josephat fundi maandishi akacheka, akatikisa kopo lake la kupuliza, gololi ya ndani ikalia kakakaka kama nayo inamcheka askari.

Lusubilo hakuwa na muda wa kuchekwa. Kule kituoni, Nyanzobe alikuwa amekaa sakafuni na mtoto titini, anasubiri gari la mahabusu. Mchana likiondoka, ameondoka nalo, na kesi ya kumuua mumewe kwa sumu. Ushahidi wenyewe ulikuwa mwembamba kama uji wa mgonjwa: Efraimu Jairo alikula ugali wa jioni, akatoa damu mdomoni, akafa. Aliyepika ni mke. Na mke ni mtu wa kuja, binti wa wafugaji wa kule chini bonde la Momba. Kaka wa marehemu, Aliko, mtu wa milima ya Ileje, alishapiga kelele matangani kwamba watu wa bondeni wana dawa zao, na ukoo mzima ukaitikia kama kwaya.

Inspekta alimwambia Lusubilo asubuhi ile, hata kofia hajavua: "Niletee kitu cha kushika mkononi kabla gari halijafika. Huna, nyamaza."

Kitu alichokuwa nacho Lusubilo kilikuwa doa. Siku ya mazishi, kule Nanyala, alisaidia kuushikilia msalaba usilale wakati watu wanashindilia udongo. Mkono wake ukapita juu ya maandishi. Jina, EFRAIMU JAIRO WA NANYALA, lilikuwa limekauka kabisa. Tarehe ya kufa, hapo chini yake, ikamganda kwenye mkono wa shati. Akasogea aangalie. Jina limepulizwa kupitia kibati kilichotobolewa, herufi nene, ndefu, zimebanana bega kwa bega. Tarehe imechorwa kwa brashi, nyembamba, imepinda kama kazi ya mtoto wa chekechea.

Jina liliandikwa mapema. Tarehe ikangojewa.

Sasa, nani anaagiza msalaba wa mtu ambaye bado anakula ugali wake na kupiga mswaki? Anayejua mtu huyo atakufa. Na Lusubilo, tangu siku ile, kichwani mwake alikuwa na sura moja tu: Aliko. Aliko aliyekuwa anaitaka ile nyumba ya Nanyala iliyo kando ya barabara kuu, aiuze. Aliko ambaye Efraimu alimjibu kwa kupulizia ukutani NYUMBA HII HAIUZWI, maneno makubwa, hata dereva wa lori anayeteremka kasi ayaone.

Ila kichwa cha koplo siyo ushahidi. Alihitaji mdomo wa Josephat.

Akabadilisha gia. Mtu akigoma kuongea habari za watu, muulize kazi yake. Akaangalia vibati vilivyoning'inia kwenye misumari, A mpaka Z, kila kimoja kimetobolewa herufi yake.

"Kwa nini unapenda hizi nene? Mafundi wengine wana herufi za maua maua."

Josephat akamtazama kwa jicho la pembeni. Lakini fundi ni fundi. Ukimgusa hapo, ulimi unafunguka wenyewe.

"Hizi mimi naziita mabaunsa," alisema, akachomoa kibati cha R, akakipiga piga kwenye paja. "Angalia. Hazina mikia, hazina vikofia, hazina mapambo. Ndefu, halafu zimeminywa mbavu. Ukiweka herufi za kunenepa kwa pembeni kwenye mlango wa lori, neno moja tu mlango umekwisha. Mabaunsa wanabanana. Jina la tajiri, mji wake, uzito wa gari, vyote vinaingia. Na dereva anayekuja mbele anasoma huku yuko mbio."

"Na kwenye kadi ya harusi?"

"Harusi?" Josephat akatema mate pembeni. "Utaua ndoa, koplo. Mabaunsa hawabembelezi. Hizi ni za HATARI. Za SUMU. Za USIKOJOE HAPA. Hata ukiandika KARIBU, mtu anasimama kwanza ajiulize amekosa nini. Herufi nyingine zinaongea. Hizi zinaamrisha."

"Na kwenye msalaba?"

Fundi akakirudisha kibati msumarini.

"Msalaba ubao wake mwembamba," aliendelea Lusubilo taratibu. "Jina refu. Lazima ujaribu kwanza kama litaenea. Unajaribia wapi?"

Jicho la Josephat lilimponyoka. Lilikwenda ukutani na kurudi upesi, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Lusubilo aliliona. Ukutani palikuwa na bati limeegemezwa, limejaa rangi juu ya rangi, maneno juu ya maneno, mpaka limekuwa kama shati la mwendawazimu.

"Hilo ni takataka," alisema Josephat haraka. "La kujaribia. Acha, utachafuka."

"Nimeshachafuka."

Akalitoa juani, akapiga goti. Shida ya mabaunsa ni unene wao. Neno la juu linafunika la chini karibu lote, unabaki na vipande: mguu wa A hapa, bega la R pale. Lakini pale rangi mbili zinapopishana, ya baadaye ndiyo inayolala juu. Hilo halihitaji shule. Lusubilo akafuata kingo kwa ukucha. Bluu ilikuwa chini kabisa: NYUMBA HII HAI... hiyo ni ya ukuta wa Nanyala. Juu ya bluu, nyeusi. E. F. Nafasi. I. M. U. Juu ya nyeusi, nyekundu, neno limekaa zima zima bila kufunikwa na kitu: WANAUME.

"Hii nyekundu ni ya wapi?"

"Sijui."

"Mimi najua. Choo kipya cha sokoni. Hii hapa W yake imechubuka mguu, na pale mlangoni imechubuka hivyo hivyo."

"Kwa hiyo? Ni kosa kuandika choo?"

"Josephat, mimi nimekitumia kile choo siku ya gulio. Nikitoka, nani alinipisha mlangoni? Efraimu Jairo. Mzima, anakohoa, tukasalimiana, akanitania kwamba polisi nao wanajisaidia." Lusubilo akasimama, magoti yana vumbi. "Choo kimeandikwa, na Efraimu anaingia kwa miguu yake. Na jina lake la msalaba liko chini ya choo. Umemwandikia msalaba mtu aliye hai."

Josephat aliangalia barabarani. Malori yalikuwa yamesimama kwenye foleni ya mpaka, madereva wamelala chini ya matela. Hakuna aliyekuwa anasikiliza, lakini alishusha sauti kama dunia nzima imetega sikio.

"Usiseme hivyo kwa nguvu."

"Nitasema mpaka Nakonde ng'ambo ya mpaka wasikie! Nani aliagiza?"

"Watanichoma moto, koplo. Unajua watu wetu. Ukimwandikia mtu msalaba anapumua, wanasema wewe ndiye uliyemuita kuzimu."

"Nani aliagiza?"

"Aliko!" Josephat alilipuka. "Haya, Aliko! Umefurahi? Aliko ndiye aliyeagiza. Andika, ondoka!"

Lusubilo alifurahi kweli. Alimshika fundi mabega akamtikisa kama ndugu aliyepotea. Hiki ndicho kitu cha kushika mkononi. Akaliinua bati aende nalo kwenye pikipiki, na jua likalipiga kwa upande, na pale pembeni, nje kidogo ya lile WANAUME, akaona mkia wa ile nyeusi. ...NYALA.

WA NANYALA. Msalabani aliyasoma akayapita tu, kumbe yalikuwepo tangu mwanzo, siku ileile jina lilipojaribiwa.

Hakuendelea kwenda kwenye pikipiki.

Kwa sababu yeye alikuwepo kwenye ule ugomvi. Aliko alipigana na watu wazima mwili usizikwe Nanyala. Alipanda mpaka juu ya gari, akakalia jeneza, anadai Efraimu apelekwe Ileje kwa baba zake. Siyo kwa mapenzi. Nyumba yenye kaburi uani, nani ataigusa? Mnunuzi anafika, anaona msalaba, anageuza. Aliko akatwe mkono kwanza kabla hajaagiza msalaba ulioandikwa WA NANYALA. Aliyeng'ang'ania Nanyala, aliyelia na kugaragara kwamba mume wangu alisema azikwe hapa, alikuwa mtu mmoja tu.

Nyanzobe.

Kwa hiyo hiki hapa ndicho alichokipata baada ya kuhangaika juani. Mtu alijua Efraimu atakufa, na mtu huyo alitaka azikwe Nanyala. Inspekta akiliona bati hili hatauliza swali la pili. Lusubilo alikuja kutafuta mlango wa kumtoa mwanamke, amerudi na kamba ya kumfunga.

Alisimama pale na bati mikononi. Mbele yake, barabarani, gari la polisi lilikuwa linakatiza kati ya malori kuelekea kituoni, kijani, madirisha ya nondo. Limewahi.

Akaliweka bati chini. Akaokota kopo la rangi nyekundu. Akalitikisa.

"Wewe, unafanya nini?" aliuliza Josephat.

Lusubilo alilielekeza kopo kwenye bati. Akapuliza. Wekundu ukaanza kumeza kona ya chini, ukala NYALA, ukapanda.

"Koplo! Huo si ushahidi wako?"

"Ulikuwa. Sasa unamnyonga."

"Unamnyonga nani? Aliko?"

"Aliko hajaagiza chochote, na wewe unajua. Unamnyonga Nyanzobe. Gari lake limeshapita hapo, hujaliona? Yeye na mtoto." Rangi ilikuwa imefika kwenye U. "Nenda kamwambie mwenyewe umemficha nani kwa kumuuza yeye."

Josephat alimrukia. Alimkamata kifundo cha mkono, kopo likapuliza hewani, likawalowesha wote wawili, shati la kanisani likaenda na maji.

"Siyo yeye!" Alikuwa analia sasa, mtu mzima, ndevu zina rangi. "Hajui chochote. Hajawahi hata kuuona. Ni mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Efraimu. Efraimu mwenyewe ndiye aliyeagiza."

Lusubilo aliachia kopo.

Siri ikamtoka Josephat yote kwa mkupuo, maneno yanagongana. Kikohozi cha Efraimu kilikuwa kimekataa dawa zote za dukani. Akamwomba Josephat amsindikize hospitali ya misheni, kwa sababu Josephat ndiye aliyemtafutia mke kule bondeni, akawa mshenga wake, wakaitana mashemeji. Daktari akawaita wote wawili ndani. Kifua kikuu, na chini ya kifua, virusi. Daktari akasema mapafu yameshaliwa, siku mshipa ukipasuka ndani damu itakuja mdomoni kwa wingi, msishangae. Efraimu akarudi naye Tunduma. Alipofika hapa akakaa kwenye kile kigoda, akaangalia vibati ukutani.

"Akasema, zile herufi zilizomzuia Aliko nikiwa hai, ndizo ninazozitaka kaburini. Akasema Aliko hawezi kumtoa mke wangu mahali jina langu limesimama hivyo. Alijaribu na herufi nyembamba kwanza. Akazikataa. Akasema hizi zinaomba radhi." Josephat alifuta pua. "Akaniapisha. Nisimwambie mtu. Tarehe ningemalizia siku yenyewe. Ndiyo ile nilichora kwa brashi, machozi yananitoka, vibati sikuviona hata mbele ya macho."

"Ungeacha Nyanzobe afungwe?"

"Niliapa, koplo."

"Panda pikipiki."

Kituoni gari lilikuwa limegeuzwa tayari, mlango wa nyuma wazi. Aliko alikuwa kwenye benchi la nje, amevaa koti la kaka yake, ahakikishe kwa macho yake. Alipowaona wale wawili wamelowa rangi nyekundu kichwa hadi kiuno alisimama kwa mshtuko, akadhani ni damu.

"Kaa chini," Lusubilo alimwambia akipita.

Inspekta aliwasikiliza huku anaangalia sakafu yake inavyochafuka. Aliuliza maswali mafupi. Daktari anaitwa nani? Ulikuwepo chumbani mwenyewe? Alisema damu itatoka wapi? Halafu akavuta simu ya mezani, akapiga hospitali, akasubiri, akapiga tena laini ilipokatika. Mwishowe akaongea na mtu, zaidi alikuwa anasikiliza. Lusubilo aliangalia mkono wa Inspekta, siyo uso. Ule mkono ulikuwa unapigapiga meza. Ukaacha.

"Hakutapika damu," alisema Inspekta, akirudisha simu. "Alikohoa. Daktari anakuja kuandika maelezo. Anamkumbuka vizuri. Alimbembeleza amlete mke wake wapimwe, akasema atamleta." Akamgeukia Lusubilo. "Mwanamke haendi popote na gari hili. Mtoe. Na huyo kaka wa benchini mlete kwangu, aniambie hizo dawa za watu wa bondeni alizionea wapi."

Lusubilo alitembea kwenye korido ile fupi kama anapanda mlima. Josephat nyuma yake. Askari wa zamu akafungua.

Nyanzobe alikuwa amemnyanyua mtoto begani, anampigapiga mgongo. Aliwaangalia, rangi yote ile, asishtuke. Watu waliokwisha kushtuka sana huwa hivyo.

"Gari limefika, afande?"

"Huendi na gari. Uko huru, mama. Imejulikana. Hukumuua."

Alifumba macho. Halafu akafumbua.

"Nani kamuua?"

"Hakuna. Alikuwa mgonjwa."

"Kikohozi."

"Zaidi ya kikohozi." Lusubilo alitafuta maneno. Kichwa chake, kilichosoma bati lote lile, hakikupata hata neno moja laini. "Alipima. Ana... alikuwa na virusi. Daktari anaomba uende, wewe na mtoto. Mkapimwe."

Mkono uliokuwa unapiga mgongo wa mtoto ukasimama hewani.

"Alijua lini?"

Lusubilo alimwangalia Josephat.

"Kaka," alisema Nyanzobe. Siyo kwa ukali. "Wewe ndiye uliyekuja kwa baba kumposea. Alijua lini?"

"Kiangazi kilichopita. Wewe tumbo lilikuwa bado kubwa."

"Kwa hiyo huyu hajazaliwa bado."

"Bado."

"Na ule msalaba ni wa lini?"

"Siku ileile. Tulitoka hospitali tukaja kwangu. Akachagua herufi, mbao nikatafuta baadaye, nikapuliza karibuni tu... Dada, alikuwa anakulinda. Ile nyumba hakuna wa kukutoa. Alizijaribu nyembamba, akaziona hazina nguvu, akasema mke wangu anahitaji..."

"Mlikaa mkachagua herufi."

"Dada."

"Mlipata muda wa kuzijaribu. Hizi nyembamba, hizi nene. Na mimi nipo nyumbani nakoroga uji."

Josephat alinyoosha mkono amshike mtoto. Nyanzobe alimhamishia bega la pili, mbali naye. Akainama, akaokota khanga yake sakafuni, akamfunga mtoto mgongoni, akakaza fundo kifuani kwa meno na mkono mmoja.

"Nitakupeleka kwa pikipiki," alisema Lusubilo. "Hospitali ni mbali. Nitakupeleka sasa hivi."

"Una mke, afande?"

"Ninaye."

"Mwambie unachokijua."

Akampita, akampita na Josephat, akatoka kwenye mwanga wa nje ambapo Aliko alisimama na kukaa tena. Hakumtazama. Alifika barabarani, kushoto ni Nanyala na nyumba isiyouzwa, kulia ni njia ya hospitali. Alisimama hapo kidogo na mtoto mgongoni. Kisha akageuka kulia, akaenda.